Maadamu Usukani Uko Mikononi Mwangu

N'Djamena, 12 Januari 1987

Kwa mume wa binti yangu Ashta, huko Fada,

Assalaam alaykum. Sisi hapa mjini hatujambo, Alhamdulillahi, ila vumbi na mafua ya baridi. Ashta naye hajambo na mzigo wake. Tumbo limeshachomoza, na siku hizi harufu ya kitunguu hataki hata kuisikia.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, wala majina yao hawatajiani. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa kabila la Goran, na sina nia ya kuharibu. Nakumbuka siku ile nilipokuja bila kupiga hodi, ukaruka ukuta ukaangukia zizi la mbuzi la jirani, na beberu mmoja akatoka na kilemba chako shingoni. Nilicheka hadi mbavu zikauma, lakini nilichekea nyuma ya mlango, kwa heshima. Sasa nimewaza: kusema tumekatazwa, lakini kuandika sijasikia aliyekatazwa. Ashta hajui kusoma. Mimi angalau mwalimu wa madrasa kule Faya alinitandika viboko vya kutosha.

Jambo lenyewe ni mwanangu Wardugu. Amepanda lori la askari akaniachia salamu kwa muuza maji. Nasikia ameomba apangwe kwenye gari lako, na amekubaliwa.

Kwenda vitani simlaumu. Nyumba yetu iko Faya na Walibya wanalala ndani yake. Sikatai wanaume wa Chadi waende kuirudisha. Ninachokiogopa ni gari. Baba yake Ashta na Wardugu hakufa kwa risasi. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya chumvi, dereva akashindana na mwenzake mchangani karibu na Koro Toro, lori likapinduka. Tulimtoa chini ya magunia yale kwa majembe.

Jana Orozi, yule askari mwenye bandeji anayekunywa chai kwangu, alisema nyinyi wenye Toyota mnakimbia kama mnaofukuzwa na majini. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ninalo ombi moja, na sitakuomba jingine. Weka mkono juu ya msahafu, uape kwamba mwanangu akiwa kwenye gari lako utakwenda polepole. Ni mtoto wangu wa kiume wa pekee. Najua mkwe hamkatalii mama mkwe wake, ndiyo maana nimefikiri sana kabla ya kuomba.

Mama wa Ashta


Fada, 29 Januari 1987

Kwa mama mkwe wangu, aliye nyuma ya pazia,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, uso nimeufunika kwa kilemba. Wenzangu wakaniuliza kama macho yananiuma.

Wardugu amefika salama. Ndiye mpiga rashasha wetu. Rashasha tumeifunga nyuma ya gari, yeye anasimama nayo, mimi niko kwenye usukani. Milango tumeing'oa ili mtu ashuke haraka. Kioo cha mbele tumekitoa, kwa sababu kikimulika jua ndege za adui hutuona. Bodi tumeipaka oili chafu kisha tukaimwagia mchanga, sasa ukisogea mbali kidogo hulioni gari. Wardugu anasema gari letu linafanana na andazi lililodondoka. Tunabeba mapipa ya mafuta, viriba vya maji, tende na sukari. Usiku tunalala chini yake. Mtoto anakula vizuri na swala haimpiti, ila ya alfajiri mpaka nimvute mguu.

Kuhusu ulichoniagiza. Kuna jambo la udereva wa huku nilitaka kulieleza, nikaandika, nikalifuta. Si adabu mtu kumjibu mama mkwe wake kwa "lakini".

Imamu wa kikosi anao msahafu. Nimeweka mkono, nimeapa hivi: Wallahi, Wardugu akiwa ndani ya gari hili sitalikimbiza, maadamu usukani uko mikononi mwangu.

Mwambie Ashta asibebe maji.

Mume wa Ashta


N'Djamena, 14 Februari 1987

Kwa mume wa Ashta,

Mungu akulipe. Siku niliyopata barua yako nililala usingizi kama mtoto mchanga, hata paka aliingia akala nyama yote niliyoanika na sikumsikia.

Nimewasimulia kina mama bombani. Hadiza, ambaye mkwe wake ni karani na hajawahi kutoka mjini, akasema, "Mkwe wa Kaltuma dereva wa punda." Nikamwambia bora wa punda arudi kuliko wa jini abaki huko. Akajaza ndoo yake.

Nimemweleza Orozi pia. Huyu kijana kanishangaza. Aliitazama bilauri yake, akauliza, "Mama, umemwapisha kweli? Kwa msahafu?" Nikasema kweli. Akaiweka bilauri chini, akaondoka na chai imejaa. Tangu siku ile hajarudi kunywa. Vijana wa siku hizi hawapendi kuambiwa wapunguze mwendo.

Nakuletea hirizi ya ngozi, ndani yake mna Ayatul Kursi. Ifunge kwenye usukani. Nimeiombea dua kila baada ya Isha, nimemwomba Mungu aufanye mguu wako wa kulia uwe mwepesi juu ya pedali ya mafuta.

Ashta anaota ndoto za maji. Wazee wanasema ni mtoto wa kike. Yeye anasema ni kiu tu.

Mbona Wardugu haandiki? Amevunjika mkono?

Mama wa Ashta


Nje ya Fada, 3 Machi 1987

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sijavunjika mkono. Nilikuwa nimenuna.

Mama, umetuaibisha mbele ya jeshi zima. Gari letu wanaliita Bi Harusi, kwa sababu linatembea kama biharusi anayepelekwa kwa mume. Wakituona tunakuja wanapiga vigelegele, wanaume wazima wenye ndevu. Jana mmoja alitutandikia mkeka, akauliza kama biharusi atashuka au abebwe.

Kamanda alimwita Barkai akamwambia, "Wewe umepewa gari au jeneza?" Barkai akajibu, "Nimemwapia mama mkwe." Hapo hakuna aliyecheka. Kamanda naye ana mama mkwe. Alijikuna kidevu, akatutoa mstari wa mbele, akatupa kazi ya kupeleka maji. Mimi niliyeondoka nyumbani kwenda kupigana sasa ni muuza maji, tena wa bure.

Nimemwambia Barkai, "Shemeji, mama yuko mbali, hakuoni." Akaniambia, "Mama yako hanioni hata akiwa mlango wa pili, na bado namheshimu." Mtu wa namna hii utamfanya nini.

Kila asubuhi ananifundisha kuendesha. Ananiweka kwenye usukani, yeye anapanda nyuma kwenye rashasha, tunakwenda mbali na kambi. Nimeshajua mchanga mgumu na mchanga laini kwa rangi yake. Yapo mambo mengine amenikataza kukuandikia, na nimemwahidi.

Lakini hili hakunikataza: mwondolee kiapo, mama. Mwenye kukifungua ni wewe peke yako. Andika neno moja tu. Usiulize kwa nini.

Mwanao Wardugu


N'Djamena, 15 Machi 1987

Kwa mume wa Ashta,

Mtoto ameniandikia kwa jeuri. Anataka nikuondolee kiapo, na nisiulize kwa nini. Ninajua kwa nini. Anaona haya kwa kupigiwa vigelegele. Haya haiui mtu.

Kiapo kibaki pale pale. Kumbe mmepewa kazi ya maji, nami nimeswali rakaa mbili za shukrani. Kumpa mtu mwenye kiu maji kuna thawabu kubwa, mwambie hivyo. Na hayo mafunzo ya gari, mfundishe kupunguza mwendo kwanza.

Nimekuletea nyama kavu. Safari hii paka hakuigusa, niliilalia.

Mama wa Ashta


N'Djamena, 27 Machi 1987

Kwa mama mkwe wangu,

Shikamoo. Mwandiko huu usikustue, naandika nimelala.

Wardugu ni mzima. Nimeliweka mwanzo ili usilitafute. Hana hata mkwaruzo. Ameendelea na kikosi kuelekea Faya.

Mimi nimeletwa mjini kwa ndege. Nipo hapa hapa, si mbali na soko kuu, ila sitaweza kufika nyumbani kwa sasa. Mwambie Ashta taratibu, asihangaike kunifuata. Gari letu halipo tena.

Kuhusu kiapo, sijakivunja. Kama kuna kosa katika namna nilivyokitimiza, naomba radhi yako.

Mume wa Ashta


N'Djamena, 28 Machi 1987

Kwa mume wa Ashta,

Barua yako imeletwa na askari aliyeitupa mlangoni akaenda zake. Nimeisoma mara tatu na kila mara naona jambo lile lile: wewe uko mjini, karibu na soko, umelala, mwanangu yuko jangwani na sijui yumo gari la nani.

Redio tangu asubuhi inaimba ushindi. Wanawake wa mtaani wanacheza. Mkeo amekaa na tumbo lake anauliza mbona mumewe yuko mjini na haji. Nimjibu nini? Kwamba mumewe amechoka?

Sikukuomba uwe shujaa. Nilikuomba ukae na mwanangu. Umemshusha kwenye gari lako, ukapanda ndege. Unasema hukuvunja kiapo. Maneno hayo ni ya wanasheria.

Nimeandika kwa hasira na sitaifuta hata herufi.

Mama wa Ashta


Faya, 30 Machi 1987

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nimekaa kizingitini kwetu. Nyumba ipo. Mlango waliufanya kuni na ndani wamechora ukutani, lakini mtende wa baba umesimama, na kisima kina maji. Nimekinywea maji yake kwa niaba yako.

Barkai alinikataza kukuandikia haya. Nami nimeamua kuandika. Aliyeapa ni yeye, mimi sikuapa.

Siku ya kuingia Wadi Dum, ngome ya Walibya, yalihitajika magari yote, ya maji pia. Uwanja wa ndege wa pale walikuwa wameuzungushia mabomu ya ardhini. Sasa nikwambie siri ya madereva wa huku, ambayo mkweo aliiandika kwenye barua yake ya kwanza akaifuta. Bomu lile limetegewa kifaru kinachotambaa. Gari jepesi likilipita kwa kasi yake yote, bomu hulipuka nyuma, gari limeshapita, unapata vumbi. Gari likienda polepole, hulipuka chini ya watu. Ndiyo maana wanakimbia, mama. Si ushindani kama wa dereva wa lori la baba. Mwezi wa pili tulizika watu wa gari zima, dereva wake alipunguza mwendo kukwepa jiwe. Barkai ndiye aliyewaswalia.

Orozi alilijua hilo. Ndiyo maana hakumaliza chai yako.

Tulipofika mahali pa kuanza, Barkai alizima gari. Akafungua hirizi kwenye usukani, akanivisha shingoni. Akaniambia, "Shuka kwenye rashasha, njoo ukae hapa."

Nikamwuliza, "Na kiapo?"

Akasema, "Niliapa maadamu usukani uko mikononi mwangu. Haya, uko mikononi mwa nani? Mimi sasa ni mpiga rashasha, na mpiga rashasha hana habari na mafuta. Kanyaga, shemeji. Usitazame nyuma."

Hapo ndipo nikaelewa yale mafunzo ya kila asubuhi. Alikuwa amelipanga tangu siku aliyoapa.

Nilikanyaga mpaka mguu ukagusa bati. Mabomu yalilipuka nyuma yetu, moja baada ya jingine, kama mtu anayetufukuza kwa kupiga milango. Hakuna lililotupata. Bi Harusi lilikuwa gari la tatu kuingia, na nadhani halikuwahi kuona mwendo kama ule.

Ndani ya uwanja tulipishana na kifaru, karibu kabisa, mzinga wake ukashindwa kutugeukia. Lakini kulikuwa na mtu mwenye bunduki nyuma ya mifuko ya mchanga. Risasi zilipita juu ya mgongo wangu zikampata Barkai gotini na pajani. Aliendelea kupiga akiwa amejiegemeza kwenye rashasha, mpaka gari liliposimama kwa kukosa maji ya rejeta. Mguu wa kulia umekatwa siku ile ile. Pale aliposimama ni mahali pangu, mama. Pale ndipo nilipokuwa nasimama mimi.

Yuko hospitali kuu, hapo hapo mjini. Ameogopa Ashta asishtuke na mimba. Na nadhani anaogopa wewe utakuja, naye hataweza kukukimbia.

Nimepewa gari jingine. Sasa mimi ndiye dereva.

Wardugu


N'Djamena, 6 Aprili 1987

Mwanangu Wardugu,

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Kisha nikamwambia Ashta, taratibu kama mumewe alivyotaka. Akalia kidogo, akauliza kama ni mguu mmoja au yote miwili. Nikasema mmoja. Akasema basi, akaenda kusuka nywele ili apendeze.

Tulikwenda Ijumaa baada ya swala. Nilipika ugali wa mtama na mchuzi wa bamia kavu, nikakaza roho, nikapita mlango wa wodi kabla ya Ashta, kwa sababu ningengoja nje nisingeingia tena.

Aliniona. Akavuta shuka akajifunika uso. Kisha nikaona anajitahidi kuinuka, kwa mikono miwili, na kitanda kinalia. Unajua alichokuwa anataka. Mama mkwe ameingia, yeye lazima aondoke. Akajaribu mara ya pili, akashindwa. Ndipo akasema chini ya shuka, "Nisamehe, mama. Leo siwezi kuondoka."

Nimemwoza binti yangu mwaka wa tatu huu na sikuwahi kuisikia sauti yake. Ni nzito kuliko nilivyodhani.

Nikakaa sakafuni, nikampa mgongo, ili angalau nisimtazame. Muuguzi mmoja, mtu wa kusini, akaniuliza kama nimegombana na mgonjwa. Nikamwambia hapana, namheshimu. Akanitazama akaenda zake.

Nikasema, "Barkai, mwanangu."

Wodi ile imejaa Goran. Nilisikia vitanda vyote vinalia pamoja, wanaume wanageukia ukutani kwa aibu ya kusikia. Mmoja alianza kukohoa na hakuwa na kikohozi. Nikaendelea. Nikamwambia kiapo nimekifungua. Akasema hakikuvunjwa. Nikamwambia, "Najua hakikuvunjwa. Ndiyo maana nimekaa hapa chini."

Nikajua amelishusha shuka kidogo, kwa sababu pumzi yake ilisikika vizuri. Tukakaa hivyo mpaka Ashta akaingia na nywele zake mpya.

Ile barua yangu ya hasira anayo chini ya mto. Nilimwambia Ashta amwombe anirudishie niichome. Amekataa. Anasema tangu aoe kwetu alikuwa mgeni, na ile ndiyo siku aliyogombezwa kama mtoto wa nyumba hii. Sasa nafika kila siku. Nakaa kwa mgongo. Anakula nikiwa pale, jambo ambalo mama yangu angelisikia angezimia. Daktari anasema kidonda kinafunga. Anatafuta gongo la kutembelea la mti mgumu, amesema la mti laini ni la wazee.

Orozi amerudi. Nilimpa chai akainywa yote, akaomba ya pili. Kwa mdomo wake nimesikia kwamba kikosi chenu kinapanda juu zaidi, kuelekea Auzu, na kwamba njia ya huko nayo ina mabomu.

Sikiliza basi. Kalamu inanikatalia na bado nitaandika. Usiku namwona baba yako chini ya yale magunia, na nitaendelea kumwona. Ile hirizi iliyo shingoni mwako ina dua yangu, nilimwomba Mungu aufanye mguu wa dereva uwe mwepesi. Nimeswali, nimemwomba aisamehe dua ile na asiipokee tena. Ukifika penye mabomu, sema Bismillahi, usiniwaze mimi, usitazame nyuma.

Namwomba aufanye mguu wako mzito, mwanangu. Mzito mpaka uguse bati.

Mama yako,
Kaltuma